Kilomita tano siyo marathoni, jamani!

Nimekuwa kimya kidogo, majaribio yalinikaba koo. Leo nimerudi na hasira, na hasira zenyewe naanza kuzimalizia kwangu mwenyewe.

Jumamosi nilikimbia mbio za hisani hapa mjini. Fulana mpya, namba kifuani, medali shingoni, picha kama hamsini hivi. Kwenye fulana imeandikwa MARATHONI kwa herufi kubwa. Jioni nikampigia baba mdogo aliyeko Moshi, natamba:

"Shikamoo baba mdogo. Leo nimemaliza marathoni!"

"Marahaba mwanangu, hongera sana! Umetumia muda gani?"

"Dakika thelathini na nane."

Kimya. Nikadhani salio limekata. Kisha akauliza taratibu, "Kilomita ngapi, mwanangu?"

Zilikuwa tano. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Yeye 42 aliikimbia mara moja tu maishani, na wiki nzima baada ya hapo alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume.

Haya, tuelewane. Marathoni ni kilomita 42.195. Umbali huo ulikimbiwa kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 shirikisho la riadha la dunia likaupitisha rasmi. Nusu marathoni ni 21 na ushee. Basi. Marathoni ya tano haipo, marathoni ya kumi haipo. Tano haifiki hata moja ya nane ya marathoni. Hebu nenda buchani, jamaa akupimie gramu 120 halafu akwambie hiyo ni kilo. Si mtashikana mashati?

Najua kuna watu watasema, "Aah, lugha inakua bwana, siku hizi marathoni ni mbio yoyote ile." Hapana. Mbio yoyote ile tayari ina jina: inaitwa mbio. Hatukupungukiwa neno. Tumelichukua neno lenye namba ndani yake, tukaitoa namba, tukabaki na ganda.

Na ganda hilo linaumiza watu. Mwaka jana mwenzangu wa chumbani alikuwa na "marathoni" mbili, zote za tano tano. Akaona tangazo la nusu marathoni. Akapiga hesabu zake kitandani: kama nzima nimemaliza mara mbili, nusu itanishinda nini? Wala sikumbishia, maana hata mimi niliona ina mantiki! Hakufanya mazoezi hata siku moja. Kilomita ya kumi na nne misuli ikakaza, akaanguka, akarudi kwa gari la wagonjwa na akatundikiwa dripu. Angeambiwa mapema kwamba tano inakwenda ishirini na moja, angejua anaruka mara nne ya alichozoea. Namba ingemwonya, lakini jina lilimdanganya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunaionea hata hiyo tano yenyewe. Nani kasema tano ni aibu mpaka ivishwe koti la kaka yake? Suleiman Nyambui alituletea medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 kwa mita 5,000. Ni kilomita tano hizo hizo! Hakuhitaji kuziita marathoni. Filbert Bayi mwaka 1974 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, yaani kilomita moja na nusu, na hadi leo tunamtaja.

Halafu wafikirie wenye marathoni yao. John Stephen Akhwari, Mexico 1968, ameumia goti, anachechemea, anamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Aliona kilomita zilizobaki ni deni, akalilipa lote. Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025: anakimbia kilomita 42.195 zote, anampita Mjerumani kwenye mstari kwa sekunde 0.03 na kuwa bingwa wa dunia. Sasa mimi na fulana yangu na dakika 38 zangu tuseme tumefanya walichofanya wao? Hata haya hatuna?

Wakimbiaji wenyewe ukiwasikiliza hawana makuu. Wale wanaopita hapa chuoni alfajiri kabla adhana haijaisha, maongezi yao ni namba tupu. "Leo ngapi?" "Kumi na mbili." "Jumapili?" "Thelathini, Mungu akipenda." Mwenye tatu anasema tatu, na mwenye thelathini hamcheki, anamwambia "poa, kesho ongeza moja." Hapo kila mtu anajua yuko wapi na bado kiasi gani.

Kwa hiyo waandaaji, andikeni kilomita kwenye fulana. Na sisi wanafunzi, mtu akikwambia kamaliza marathoni, mpe hongera yake kisha muulize swali la baba mdogo: kilomita ngapi?

Mimi nimeshampigia tena. Nimemwambia, "Baba mdogo, nilikimbia tano." Akasema, "Hiyo sasa ni hongera ya kweli. Kumi lini?"

Mwezi ujao, Mungu akipenda. Ngoja niwahi wali maharage kabla foleni haijafika mlangoni.