Hadhira Ng'ambo ya Mto

Wapo wasiochoka kutwambia kwamba filamu za watengenezaji huru hazina hadhira. Kwamba mtu wa shamba hataki ila ngumi na bunduki. Hoja hii ni uvivu uliovishwa joho.

Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling alitoa These Hands, filamu ya wanawake wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wakiponda kokoto Kunduchi. Haina msimulizi, ina nyundo, nyimbo na mikono. Ilisambazwa hadi Marekani. Je, nani aliyejitwika kuifikisha Ifakara, kwa mwanamke wa bonde la Kilombero ambaye mikono yake hupanda, huvuna na kupura mpunga? Huyo hangehitaji profesa wa kumfasiria.

Kabla ya daraja la mto Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, baina ya Ifakara na Mahenge watu walivuka kwa pantoni. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba, kwa kuwa chombo kilikuwa kidogo, watu wa Mahenge hawapendi safari. Mbona kwa filamu twanena hivyo?

Mkoloni alipotaka kuwafunza watu adabu zake, kati ya 1935 na 1937, filamu zilizotengenezwa Vugiri zilipakiwa kwenye lori zikapelekwa vijijini. Yeye aliiona njia.

Nasi wa visiwani, tuliopiga makofi Ngome Kongwe tangu tamasha la filamu lilipoanza 1998, tusijitoe lawamani. Tuzo ni heshima, lakini haivushi mto. Kinachotakiwa ni turubai, jenereta na uwanja wa shule Ifakara. Hayo yasipokuwapo, tusimwulize msanii hadhira yake iko wapi. Tujiulize tumemjengea njia gani ya kuifikia.