Sitara si kuficha maradhi: mazingatio kutoka Uganda

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, tangu zamani Uganda imepigiwa mfano katika vita dhidi ya UKIMWI. Mwaka 1986, wakati serikali nyingi zikiona aibu kuutaja ugonjwa huo, Waziri wake wa Afya, Ruhakana Rugunda, aliutangaza mbele ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani mjini Geneva. Rais Museveni naye akawaasa raia kwa lugha ya wafugaji: kila mmoja alishe ndani ya zizi lake. Maambukizi, yaliyokadiriwa kufikia takriban asilimia 15 ya watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalishuka hadi asilimia 6.4 katika uchunguzi wa 2004 na 2005.

Ubishi ukazuka: sifa ni ya nani? Wapo wanaowapa waliojizuia na zinaa na waliotosheka na ndoa zao. Wapo wanaoipa kondomu. Wengine wanakumbusha kuwa wagonjwa wengi walikwishakufa. Mwaka 2011 kiwango kikapanda hadi asilimia 7.3, na wakosoaji wakasema serikali imelegea. Lakini dawa nazo zilikuwa zimewabakisha hai wengi. Kumbe hesabu ikishuka huenda imezika watu, na ikipanda huenda imeokoa roho.

Sisi tunaona lisilopaswa kubishaniwa ni ule ujasiri wa kusema kweli. Maimamu wa Uganda walishiriki. Jumuiya ya Madaktari Waislamu ya nchi hiyo iliwafunza, wakaenda nyumba kwa nyumba, wakifundisha hata tahadhari katika kuosha maiti na kutahiri watoto. Kuhusu kondomu walihitilafiana, kisha wakakubali ifundishwe kwa wanandoa. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI liliitangaza kazi yao kuwa mfano wa kuigwa.

Je, nyumba zetu zina ujasiri huo? Mke aliyejihifadhi huambukizwa na mumewe aliyejua hali yake akanyamaza, na jamaa huita kimya hicho sitara. La hasha! Sitara ni kutomfedhehesha ndugu yako kwa watu. Kumficha mkeo, au mumeo, hatari iliyo kitandani mwake ni khiyana. Zizi la Muislamu laweza kuwa na wake hadi wanne, lakini uzio wake ni mmoja, nao ni uaminifu.

Basi wazazi, kabla ya nikahi vijana na wapime. Aliyekutwa na virusi asitengwe, bali ahimizwe kutumia dawa, kwani leo imethibitika kuwa azitumiaye ipasavyo, virusi vikapungua hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa.

Allah (S.W) atujaalie kusema kweli, na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.