Mawe ya figo: bei ya ECBU iingie ndani ya bei ya operesheni

Mgonjwa mwenye jiwe kwenye njia ya mkojo hapasuliwi ubavu kila mara kama zamani. Daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo hadi penye jiwe, akalivunja kwa leza. Jiwe kubwa la ndani ya figo hutolewa kupitia tundu dogo mgongoni, njia ambayo madaktari wa Sweden waliieleza mwaka 1976. Kwa kuwa kidonda ni kidogo, familia nyingi hudhani hata hatari ni ndogo.

Sivyo. Wakati wa kazi hiyo maji husukumwa ndani ya figo ili daktari aone vizuri. Mkojo ukiwa na vijidudu, maji hayo yanaweza kuviingiza katika damu. Jioni mgonjwa anatetemeka, homa inapanda, presha inashuka. Mtu aliyeingia hospitalini asubuhi kwa miguu yake anaweza kufa.

Ndiyo sababu ya ECBU: mkojo huoteshwa maabara kwa siku mbili au tatu, ijulikane kuna kijidudu gani na dawa gani inakiua. Kikipatikana, mgonjwa anatibiwa kwanza. Kisipopatikana, dozi moja ya antibiotiki karibu na saa ya operesheni kwa kawaida inatosha.

Lakini wakaaji wengi wa Kongo hulipa matibabu kutoka mfukoni. ECBU inapodaiwa kando, juu ya ekografia, kitanda na dawa, ndiyo inayokatwa kwanza. Mgonjwa ananunua cipro kwenye famasi ya jirani bila karatasi ya daktari. Akisha kumeza vidonge vichache, mkojo unaweza kuonekana safi maabara, huku vijidudu vimejificha ndani ya jiwe lenyewe.

Kumlaumu yeye ni rahisi mno. Hospitali inayotaja bei ya leza bila ECBU ndani yake ndiyo inayomfundisha kwamba uchunguzi huo ni kitu cha hiari. Bei iwe moja, na bila majibu ya maabara operesheni ya kupangwa isifanyike. Mwenye homa huku jiwe limeziba ni jambo lingine: huyo asingojeshwe, awekewe mrija wa kutoa mkojo haraka na kupewa antibiotiki, jiwe litafuata akipona.

Swali la dawa nyingine nalo liulizwe siku nyingi mapema, si mlangoni mwa chumba cha operesheni. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda zinaweza kuzidisha kutoka damu, hasa figo inapotobolewa. Wapo pia wanaoficha mizizi ya kienyeji kwa kuogopa kukaripiwa, na karipio hilo mara nyingi ni la kweli. Hata hivyo mgonjwa asiache dawa ya moyo kwa uamuzi wake. Daktari na mtaalamu wa usingizi ndio wa kusema ipi isimame na kwa siku ngapi.