Mji umefika Kiogoro, tuuzie mboga si udongo

Saa kumi na mbili asubuhi hapa Kiogoro, makanga ashaanza kelele: "Tao! Tao! Mmoja tu aingie!" Huyo mmoja huwa ni watu sita. Kuna mama ana gunia la chinsaga anakimbizana na soko la Daraja Mbili, siku ni Alhamisi. Kuna vijana wa mjengo, gambuti ziko kwenye mfuko wa karatasi. Kuna dada wa ofisini amevaa viatu vya mvua, vile vya kazi ameficha kwa mkoba. Jioni wote wanarudi, na kila mwezi wanarudi na majirani wapya.

Wasee, mji wa Kisii umetufikia. Wala si ajabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti yetu, takriban watu 957 kwa kila kilomita moja ya mraba. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Hapa hakuna nafasi tupu ya kujengea. Kila ghorofa unayoona imesimama juu ya migomba ya mtu.

Nyingine imesimama juu ya migomba yetu.

Baba aliuza kipande cha chini, kile kinachogusa barabara, ili mimi niende chuo. Pesa zilitosha mwaka mmoja na nusu. Karo ikaisha, nikarudi nyumbani na begi moja. Mnunuzi naye hakupoteza wakati: leo kuna ghorofa nne pale, bedsita tupu tupu, na zote zimejaa. Kodi ya miezi michache ya jengo lile inapita bei aliyolipwa baba.

Sasa ona maajabu. Kila jioni mama huchuma mboga kwenye kipande kilichobaki na kuwauzia wapangaji wa hapo hapo. Wanaita kutoka juu, "Mama, niongezee kidogo!" Anaongeza, anacheka. Mimi sicheki sana. Lakini ni hizo mboga zilizomsomesha mdogo wangu hadi kidato cha nne.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mji ni mteja. Anataka mboga, maziwa, mayai, chumba cha kulala, kinyozi, mahali pa kuegesha pikipiki. Anataka pia udongo wako, na huo ndio atakaoulizia kwanza. Ukimuuzia udongo, umemuuzia duka zima pamoja na kaunta.

Simlaumu baba. Kuna mzazi anauza kwa sababu mtoto yuko hospitalini, na huyo hatuna la kumwambia. Nazungumzia sisi, rika langu, tunaomsukuma mzee agawe shamba kabla hajazeeka, tuuze fungu letu, tununue boda. Pikipiki ikipiga barabara za huku miaka mitatu, unabaki na helmeti. Wengine hata boda hawafiki. Pesa zinaishia kwa kamari wikendi moja, Shabana ikicheza.

Na kama lazima uuze, usiuze gizani. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka mauzo ya shamba la kilimo yapate idhini ya bodi. Bila idhini hiyo mauzo ni batili, hata kama mzee wa kijiji alitia sahihi na soda zikanywewa.

Kaunti nayo isikae ikihesabu ada za vibali tu. Ghorofa zikija, maji, mitaro na taka zije na mpango. Tumeona jinsi mto Nyakomisaro unavyopita katikati ya mji ukiwa umebeba uchafu wa kila mtu. Hatutaki maji ya huku juu yafuate njia hiyo.

Juzi dalali mmoja alisimama kwenye ua letu, akapima kwa macho, akamuuliza mama kipande hiki ni bei gani. Mama akamjibu, "Chinsaga ni fungu shilingi ishirini. Unataka mangapi?"