Elimu ya Haki na Ivuke Maji

Siku hizi twaambiwa mara kwa mara kwamba elimu ya haki za binadamu imekwisha kuenea, kwa kuwa vitabu vyake hupatikana bure. Mimi ni mwalimu, nami nalikataa neno hili. Nitatoa sababu zangu, na msomaji apime mwenyewe.

Ni kweli kwamba vitabu viko. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililokubaliwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, lina vifungu 30 tu, na tafsiri yake ya Kiswahili hutolewa bila ada. Katiba yetu ya mwaka 1977 yasomeka vivyo hivyo, pamoja na maneno ya haki yaliyotiwa ndani yake mwaka 1984. Walakini vyote hivyo vimewekwa mtandaoni, na njia ya kuviendea ni simu, umeme na vocha. Mtu wa Jibondo huuelewa mfano huu upesi. Kisiwa chake ni mwamba wa matumbawe, na kwa miaka mingi maji ya kunywa yaliletwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikuu cha Mafia. Kisima chaweza kujaa hata ukingoni. Pasipo chombo cha kuvusha, mtungi wa Jibondo hukaa mtupu. Ndivyo ilivyo elimu hii iitwayo ya bure.

Labda mtu atasema: Mvuvi na fundi wa majahazi wana haja gani na maneno yaliyonenwa Paris? Namjibu kwa jambo lililo mlangoni pao. Sheria Na. 29 ya mwaka 1994 ilifungua njia ya hifadhi za bahari, na mwaka 1995 ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, Jibondo ikiwa ndani ya mipaka yake. Mimi sibishani na kulinda matumbawe. Baruti imevunja miamba mingi ya pwani yetu, na penye kifusi samaki hupungua. Lakini sheria ile ile yataka wenyeji wahusishwe katika kila hatua ya kupanga na kuendesha hifadhi, washiriki faida yake, tena watangulizwe katika matumizi ya mali ya bahari. Je, ni wangapi waliosomewa maneno hayo? Yaliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Basi kwa miaka zaidi ya 25 mvuvi aliyajua makatazo, maana makatazo huja na mashua ya doria. Lakini haki haikuwa na mashua. Wako waliostaajabu kwamba watu wa Jibondo walishindana na hifadhi juu ya nyavu zao. La kustaajabisha ni kutaka mtu aipende sheria ambayo ameonyeshwa upande wake mmoja tu.

Wengine husema: Mkiwafundisha watoto haki, watakuwa wakaidi. Hawa hawajaisoma Katiba wanayoitetea. Sehemu ile inayotaja haki, tangu ibara ya 12, ndiyo inayotaja wajibu pia, tangu ibara ya 25: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma. Anayeficha haki ameficha na wajibu, kwa kuwa vimefungwa katika kurasa zile zile. Mtoto anayejua kwamba sheria yamlinda huwa na sababu ya kuilinda. Ajuaye fimbo tu huitii fimbo, na fimbo ikiondoka utii wake huondoka nayo.

Tena wako wazee wanaosema kwamba mnyonge hana haki. Kwa heshima zote, nasema kwamba methali hiyo yatueleza mambo yalivyo, wala haituamuru tuyaache yalivyo. Unyonge mwingi ni wa kutojua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yampa maskini njia ya kusaidiwa bila malipo. Asiyejua kwamba iko atakwenda kukopa, au atanyamaza.

Basi tufanye nini? Nataka kijitabu kimoja chembamba, cha karatasi, kwa Kiswahili chepesi, kiletwe bure katika kila shule ya visiwa. Ndani yake ziwemo ibara za haki na wajibu, vifungu 30 vya Tamko lile, na maneno ya sheria ya hifadhi yanayowahusu wenyeji. Kisomwe darasani, kisha kisomwe kwa sauti barazani na pale majahazi yanapoundwa, ili asiyejua kusoma asikie na kuuliza. Hii si hisani. Ibara ya 18 ya Katiba yampa kila mtu haki ya kupewa habari za mambo makuu yanayohusu maisha na shughuli za wananchi. Na kwa mtu wa Jibondo, ni shughuli gani iliyo kuu kuliko bahari?

Fundi wa jahazi hasifiwi kwa mbao alizozipanga ufukoni, bali kwa chombo kilichofika. Nasi waalimu, pamoja na wakubwa wanaotutuma, tusijisifu kwa vitabu vilivyowekwa mahali, hata vitakapofika mikononi mwa wenyewe.