Mipaka ya Kata Ianzie Kijijini

Mwenyeji wa kisiwani amechorewa mpaka na maji. Kwetu Kyela maji hayo hayo hufuta mpaka: Mto Songwe, unaotutenga na Malawi, umehama mkondo mara nyingi, na mkulima wa mpunga huweza kuamka akakuta shamba lake li ng'ambo ya pili.

Kwa hiyo kugawa vijiji na kata si kazi ya rula na ramani peke yake. Halmashauri za wilaya zilizofutwa mwaka 1972 zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Katiba, ibara ya 146, yatamka kuwa Serikali za Mitaa zipo ili madaraka yafike kwa wananchi. Utaratibu nao upo: pendekezo hupita Mkutano Mkuu wa Kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani na vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, ndipo lifike kwa Waziri.

Lakini mkutano ulioitwa wavuvi wakiwa ziwani na njia zimefurika ni mkutano wa jina tu. Muhtasari wenye sahihi si ridhaa ya watu.

Twawahimiza viongozi wabandike ramani mapema, wazee waonyeshe alama za mpaka, na kila pingamizi liandikwe na kujibiwa. Wananchi nao wahudhurie. Asiyesema mpaka ukichorwa, atalalamika zahanati ikishaangukia kata ya jirani.