Ada za kadi ugenini: Bandu bandu humaliza mtaji

WAFANYABIASHARA wadogo wa Mbagala, Tandika, Tandale na Tegeta wanaofuata bidhaa Guangzhou, Dubai, Nairobi au Kampala huwa makini sana na bei. Hubishana na muuzaji kwa sababu ya senti kumi kwa pea ya viatu, hulinganisha nauli za mashirika matatu ya ndege na hupima mzigo mara mbili kabla ya kuupeleka kwa wakala wa meli. Lakini wengi wao, wakishafika kwenye ATM ya nchi ya watu, huingiza kadi, hubonyeza namba ya siri na kukubali kila kinachotokea kwenye kioo. Hapo ndipo sehemu ya faida inapobaki ugenini.

Jambo hili haliwahusu wafanyabiashara peke yao. Mkulima wa mpunga au korosho anayemsomesha mtoto Uganda, India au China naye yumo. Mtoto hupewa kadi ya akaunti iliyofunguliwa hapa nyumbani, mzazi huweka fedha baada ya kuuza mazao, na mtoto hutoa kidogo kidogo kila wiki. Kwa mzazi huo ni utaratibu mzuri wa kuzuia matumizi mabaya. Kwa hesabu ya ada, ni utaratibu ghali kuliko karibu yote.

Ada zenyewe ni zipi?

Mtu anapotoa fedha kwa kadi ya Tanzania katika ATM ya nje, anaweza kukatwa mara tatu au nne kwa muamala mmoja.

Kwanza ni ada ya benki yake mwenyewe. Aghalabu hiki ni kiasi maalumu kwa kila muamala, na baadhi ya benki huongeza asilimia fulani juu yake. Pili ni ada ya mwenye mashine, yaani benki ya huko, ambayo inaweza kuwapo au isiwepo. Tatu ni tofauti ya kubadili fedha: bei ya yuan au dirham unayokatwa si ile unayoisikia kwenye taarifa ya habari, kwa kuwa benki na mtandao wa kadi huweka chao juu yake. Nne, na ndiyo isiyojulikana na wengi, ni pale mashine inapojitolea kukubadilishia fedha yenyewe papo hapo.

Hii ya nne inahitaji maelezo. Unaomba dirham 2,000. Mashine inakuonyesha kiasi hicho kwa shilingi au kwa dola, pamoja na kiwango chake cha kubadili, kisha inakuuliza kama unakubali. Msafiri huona ni jambo jema kwa sababu anaielewa shilingi kuliko dirham, naye hukubali. Kumbe kiwango hicho kimepangwa na mwenye mashine pamoja na kampuni inayombadilishia, na kwa kawaida ni kibaya kuliko kile cha Visa au Mastercard. Mitandao hiyo miwili inataka mteja aachiwe hiari ya kuchagua. Ukikataa kubadilishiwa, fedha zinatoka vilevile. Utakatwa kwa sarafu ya nchi uliyopo, na kazi ya kubadili itafanywa na mtandao na benki yako.

Kwa nini kutoa taslimu ni ghali?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kulipa dukani kwa kadi ile ile huwa nafuu kuliko kutoa fedha kwenye mashine. Sababu ni mwelekeo wa malipo kati ya benki. Unapolipa dukani, benki ya mwenye duka ndiyo inayoilipa benki yako sehemu ndogo ya mauzo, na mwenye duka hubeba gharama hiyo. Unapotoa taslimu, mambo yanageuka: benki yako ndiyo inayomlipa mwenye mashine kwa kukuhudumia, nayo inakurudishia mzigo huo wewe.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi. Hoteli, nauli, dawa na chakula, ikiwa muuzaji anapokea kadi bila kuongeza bei, lipa kwa kadi. Taslimu ibaki kwa ajili ya mahali pasipopokea kadi.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wenye takwimu rahisi, si za benki yoyote maalumu. Mfanyabiashara wa Mbagala ana Sh4,000,000 kwenye kadi. Benki yake inatoza Sh10,000 kila anapotoa fedha nje ya nchi. Mwenye mashine anatoza kiasi kinacholingana na Sh10,000. Tofauti ya kubadili fedha ni asilimia 3.

Akitoa mara kumi, Sh400,000 kila mara, ada za kila muamala zinafika Sh200,000. Ongeza asilimia 3 ya mtaji wote, ambayo ni Sh120,000. Jumla ni Sh320,000, sawa na asilimia 8 ya mtaji.

Akitoa mara mbili, Sh2,000,000 kila mara, ada za muamala ni Sh40,000. Ukiongeza Sh120,000 zile zile za kubadili, jumla inakuwa Sh160,000, sawa na asilimia 4. Fedha ni zile zile, kadi ni ile ile na mji ni ule ule, lakini gharama imepungua kwa nusu.

Sasa tuseme ametoa mara kumi na kila mara amekubali kubadilishiwa na mashine, kwa tofauti ya asilimia 8 badala ya 3. Kubadili peke yake kunakula Sh320,000. Ukijumlisha ada za muamala Sh200,000, unapata Sh520,000, yaani asilimia 13.

Ikiwa faida anayoitarajia katika safari hiyo ni asilimia 15, ni Sh600,000. Anayekatwa Sh520,000 anabakiwa na Sh80,000 kwa safari nzima. Aliyetoa mara mbili na kukataa kubadilishiwa anabakiwa na Sh440,000. Tofauti kati yao ni Sh360,000, na hakuna hata shilingi moja iliyotokana na ubora wa bidhaa au ujanja wa kuuza. Mkulima anayesomesha mtoto na apige hesabu yake mwenyewe: Sh360,000 ni magunia mangapi ya mahindi kwa bei ya shambani kwake?

Njia za kupunguza makato

Kutoa mara chache na kwa kiasi kikubwa ni njia ya kwanza, lakini ina mipaka yake. Mashine ina kiwango cha juu kwa muamala, na benki yako nayo ina kiwango cha juu kwa siku. Kabla ya safari, nenda tawini uombe kiwango chako kipandishwe na uwaeleze nchi unazokwenda, ili kadi isizuiwe kwa kudhaniwa imeibwa. Uliza pia ada ya kuangalia salio nje ya nchi na ada ya muamala uliokataliwa, kwani baadhi ya benki hutoza hata fedha zisipotoka. Vilevile upime hatari ya kutembea na fedha nyingi mfukoni. Ada iliyookolewa haina maana ikiwa fedha zenyewe zimeibwa.

Njia ya pili ni hawala ya benki, ile ambayo wengi huiita TT. Kwa muuzaji mmoja unayemlipa kiasi kikubwa, peleka ankara yake benki na umlipe moja kwa moja. Katika mfano wetu, ikiwa gharama zote za hawala ni Sh80,000 na kila kutoa fedha kunagharimu Sh20,000, basi zinalingana kwenye mara nne. Ukitarajia kutoa zaidi ya mara nne ili kumlipa muuzaji huyo huyo, hawala ni nafuu, na unabaki na karatasi ya ushahidi. Sharti ni uulize mapema nani anabeba ada za benki za katikati, maana zikikatwa njiani muuzaji atapokea pungufu na kuzuia mzigo.

Kwa malipo ya Nairobi na Kampala, ulizia mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaojulikana kwa kifupi kama EAPS. Ulianza kazi mwishoni mwa 2013 ukiziunganisha Tanzania, Kenya na Uganda, na Rwanda ikafuata. Unaziwezesha benki kulipana kwa sarafu za nchi wanachama bila kupita kwenye dola, hivyo kuepuka kubadili fedha mara mbili.

Njia ya tatu ni simu. Vodacom ya hapa na Safaricom ya Kenya ziliunganisha huduma zao za M-Pesa mwaka 2015, na huduma za namna hiyo zimeongezeka tangu wakati huo. Kwa kiasi kidogo cha fedha zinafaa, lakini tazama kiwango cha kubadili pamoja na ada ya kutuma. Ada inaweza kuwa ndogo huku kiwango kikiwa kibaya.

Njia ya nne ni akaunti ya dola. Kanuni za Machi 2025 zinazokataza kutaja na kulipa bei za ndani kwa fedha za kigeni hazikufuta akaunti za fedha za kigeni benki. Anayesafiri mara kwa mara anaweza kununua dola kidogo kidogo bei inapokuwa nzuri, akazitumia safarini. Hili lina faida zaidi Dubai, kwa sababu dirham imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997. Kiwango hicho ni kipimo kizuri cha kuwabaini wanaokupunja: ukitoa kwa kadi ya dola na mashine ikakuambia dola moja ni dirham 3.45, unajua papo hapo kwamba asilimia 6 imeliwa.

Kwa China, hali imebadilika. Masoko ya jumla hayakuzoea kadi za Visa na Mastercard, na wauzaji wengi hutumia malipo ya simu. Tangu 2023 Alipay na WeChat Pay zimerahisisha kuunganisha kadi za kigeni. Utaratibu uliotangazwa wakati huo na Alipay ulikuwa kwamba malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada, na yanayozidi hapo hutozwa asilimia 3. Maana yake ni kwamba inafaa kwa chakula na usafiri wa mjini, lakini kwa ununuzi wa mzigo linganisha kwanza na hawala.

Anayeishi huko, kama mwanafunzi au mfanyakazi wa Muscat, asitegemee kadi ya Tanzania. Afungue akaunti ya huko pindi anapopata kibali cha kuishi, na mzazi atume fedha za muhula mzima mara moja au mbili. Ada inalipwa mara mbili badala ya mara arobaini. Mzazi anayeogopa matumizi mabaya azungumze na mtoto kuhusu bajeti. Asiilipe benki ili imlelee mtoto.

Na anayebeba taslimu akumbuke kuwa sheria inamtaka atangaze kwa forodha dola 10,000 au zaidi anapovuka mpaka. Wengine wamepoteza muda na fedha kwa kudharau fomu moja.

Maswali ya kuuliza benki

Kanuni za mwaka 2019 za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinazitaka benki zimweleze mteja gharama kwa uwazi. Kwa hiyo usione haya kuuliza: Ada ya kutoa fedha nje ni kiasi gani, na kuna asilimia juu yake? Mnaongeza asilimia ngapi kwenye kiwango cha kubadili? Benki yenu ina tawi au mshirika ninakokwenda, na kwenye mashine zake nitatozwa kiasi gani?

Swali la mwisho ni muhimu kwa sababu benki zetu zimevuka mipaka. CRDB iliingia Burundi mwaka 2012 na Lubumbashi mwaka 2023. Exim ipo Comoro tangu 2007. KCB na Equity za Kenya zina matawi hapa na katika nchi jirani. Hata hivyo, jina moja ukutani si ushahidi wa ada moja. Uliza, na uonyeshwe kwenye orodha ya ada.

Wajibu wa serikali zetu

Mteja mmoja mmoja ana mipaka yake. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni iliyoanza kutumika kwenye ATM Julai 1, 2002, kwamba kutoa euro katika nchi nyingine ya umoja kusigharimu zaidi ya kutoa euro nyumbani. Wao wana sarafu moja, sisi hatuna, hivyo gharama ya kubadili itabaki. Lakini ada ya kila muamala haitokani na tofauti ya sarafu. Hiyo inaweza kushushwa kwa makubaliano, kama Kenya, Uganda na Rwanda zilivyoshusha gharama za kupigiana simu mwaka 2014.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inamhimiza mkulima wa Mbeya kuuza mchele Nairobi na mfanyabiashara wa Tandale kununua Kampala. Soko hilo halitakuwa la pamoja ikiwa fedha za mtu mdogo zinakatwa kila zinapovuka mpaka. Wabunge wa Arusha na magavana wa benki kuu wana jambo la kulifanyia kazi hapo. Wakati tukiwasubiri, mfanyabiashara anayeondoka wiki hii apitie kwanza tawini kwake na maswali yale matatu, na akifika kwenye mashine ya ugenini akatae kubadilishiwa.